Tafi na kundi lake: sumu iko wapi, na kwa nini wingi wake unatudanganya

Asubuhi moja sokoni Lamu nilimsikia dada mmoja akimkataa tafi. Samaki walikuwa wabichi, macho bado yanang'aa, wamepangwa mafungu mafungu mezani. "Huyo ana sumu," alimwambia muuzaji, "nipe yule samaki changu." Muuzaji, mzee mwenye kisu na ndoo yake ya maji, hakukasirika. "Sumu iko mwibani, mwanangu. Nyama yake ndiyo iliyokulea." Dada akachukua changu, akaenda zake. Hata fungu lile halijanunuliwa, akaja kijana na neno lingine: tunaambiwa kila siku tafi wanapungua, na juzi mashua imerudi imejaa tafi hadi mbavuni. Basi nani mwongo?

Maneno haya mawili nayasikia mwaka hadi mwaka, kwenye baraza, kwenye boti za kwenda Mokowe, hata misikitini watu wakitoka. Yanaonekana hayana uhusiano. La kwanza ni la mwiba, la pili ni la idadi. Lakini yote mawili yanahusu jinsi tafi anavyojilinda, na ukiijua hiyo utajua pia kwa nini samaki huyu tunaweza kumwona tele leo na kumkosa kesho.

Tafi ninayemzungumzia ni yule wa kila siku: mwili bapa, rangi ya kijivu inayoelekea kijani au kahawia, vidoa vyeupe vidogo vidogo, na kinywa kidogo chenye midomo minene kama ya sungura. Unguja utasikia akiitwa tasi au chafi. Wanasayansi humwita Siganus sutor. Makao yake ni upande huu wa magharibi wa Bahari ya Hindi: pwani yetu, Komoro, Madagaska, Shelisheli, Morisi. Anaweza kufika sentimita 45, ingawa wengi wanaofika mezani sokoni hawazidi 30. Neno sutor ni la Kilatini, maana yake fundi viatu. Wavuvi wa Shelisheli nao humwita kordonnyen, ambalo kwa lugha yao ni fundi viatu vilevile. Aliyewahi kuchomwa na tafi hana haja ya kuelezwa, kwa kuwa mwiba ule huzama kwenye kidole kama msharasi kwenye ngozi ya kiatu.

Hapa ndipo tuanzie, kwenye sumu, maana lugha yetu yenyewe inachangia mkanganyiko. Tunalo neno moja, sumu, kwa mambo mawili yasiyofanana. Kuna sumu ya kudungwa, kama ya nge au nyuki, ambayo haina kazi mpaka iingie chini ya ngozi. Na kuna sumu ya kuliwa, kama ya muhogo mchungu, ambayo inakaa ndani ya chakula chenyewe. Baharini, samaki wa sumu ya kuliwa ni bunju. Sumu ya bunju imo kwenye ini, mayai, hata ngozi, na kuchemsha hakuiondoi, na ndiyo maana wazee walituambia bunju haguswi. Tafi yuko upande wa nge. Sumu yake iko kwenye vifuko vidogo vilivyolala ubavuni mwa miiba, na mwiba ukikuchoma, vifuko vinapasuka na sumu inateremka kwa mfereji wa mwiba hadi kwenye kidonda. Nyama haina habari nayo. Na hata sumu ya mwiba yenyewe hudhoofishwa na moto wa jikoni.

Miiba ni mingi kuliko watu wanavyodhani: 13 mgongoni, 7 chini nyuma ya tumbo, na 2 kwenye kila pezi la tumboni. Jumla 24. Kwa hiyo hakuna upande wa tafi unaoweza kumshika kwa mkono mzima ukabaki salama, na kufa kwake hakubadilishi kitu, mwiba wa tafi aliyekufa unachoma vilevile. Wauzaji wanaojua kazi hukata mapezi yote kwa mkasi kabla hawajakukabidhi.

Nilikuwa na miaka tisa hivi nilipojifunza haya. Nilitumwa kuosha samaki, nikaingiza mkono ndoni bila kutazama. Mwanzo niliona kama nimechomwa na sindano, nikanyonya kidole nikaendelea. Baada ya muda mfupi mkono ulianza kupwita mpaka kwenye kiwiko, na kidole kikawa kigumu, kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Bibi yangu hakunipaka kitu chochote. Alichemsha maji, akayapooza kidogo, akayajaribu kwa mkono wake mwenyewe, kisha akakizamisha kidole changu na kukishikilia humo. Nililia kwa maji kuliko nilivyolia kwa mwiba. Lakini maumivu yalishuka, na kila maji yalipopoa na kuongezwa ya moto, yalishuka tena.

Bibi hakusoma kemia, na alikuwa sahihi. Sumu ya tafi ni protini, na protini haivumilii joto. Tazama ute wa yai ukigusa kikaango: unaganda, unageuka mweupe, na hakuna namna ya kuurudisha ulivyokuwa. Madaktari leo hushauri jambo lilelile: maji ya moto yasiyounguza, kama nyuzi 45 hivi za Selsiasi, kwa dakika 30 hadi 90. Yajaribiwe kwanza kwa mkono mzima, kwa kuwa mkono wenye maumivu haupimi joto vizuri na watu wengine wamejiunguza. Kipande cha mwiba kikibaki ndani kitolewe, na mtu akianza kukosa pumzi au kuvimba mwili apelekwe hospitali bila kungoja.

Basi kwa nini samaki mwenye miiba 24 ya sumu ahitaji kundi? Kwa sababu mwiba ni silaha ya mwisho. Ili samaki mwindaji, mzia au kolekole, achomwe, lazima kwanza awe amemuuma tafi, na tafi aliyeumwa hata akiachwa hana maisha marefu. Kundi hufanya kazi mapema kuliko hapo, kabla meno hayajamfikia.

Turudi nyuma kidogo tuelewane juu ya neno hili. Samaki wengi wakiwa mahali pamoja, kila mmoja akienda kwake, huo ni mkusanyiko tu, kama watu sokoni. Wakielekea upande mmoja kwa mwendo mmoja, wameachiana nafasi sawa, hilo ndilo kundi kwa maana ya wataalamu. Tafi hufanya yote mawili siku moja. Pata siku maji yametulia, kwenye mlango wa Manda wakati maji yanaanza kujaa, uiname ukingoni mwa dau. Mwanzo utadhani ni kivuli cha wingu juu ya nyasi bahari. Halafu kivuli kinavunjika na kuwa samaki hamsini, sitini, vichwa chini mikia juu, wanang'oa nyasi kwa midomo midogo, kila mmoja na jani lake. Gusa ubavu wa dau kwa kafi. Kabla sauti haijaisha vichwa vyote vimeinuka na vimeelekea upande mmoja, na wale waliokuwa wa kijivu safi wamegeuka mabaka mabaka ya kahawia. Rangi hiyo ndiyo ile unayoiona akitolewa majini, na ndiyo anayolalia usiku.

Mabarazani wanasema kundi lina nahodha, tafi mmoja mkubwa anayeongoza. Hakuna. Anayetangulia sasa hivi akigeuka huwa wa mwisho, na wa mwisho anakuwa wa mbele. Kinacholiongoza kundi ni kila samaki kumwangalia jirani yake. Mwaka 1987 mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Marekani, Craig Reynolds, alionyesha kwamba viumbe vya kuchora vikipewa masharti matatu tu, usimgonge jirani, elekea anakoelekea, usibaki mbali naye, vinatembea kama kundi la ndege au samaki, bila amri ya mtu. Mwenye kuitazama safu ya goma, ile ngoma ya bakora, hapa Lamu ataelewa haraka: macho yako kwenye bakora ya aliye karibu nawe, na safu nzima inayumba pamoja.

Samaki ana msaada mmoja ambao sisi hatuna. Ubavuni mwake, kuanzia kichwani hadi mkiani, kuna mstari wa vitundu vyenye hisi vinavyopima msukumo wa maji. Ukiwa umewahi kupita kichochoro cha mtaa wa Mkomani hapa Lamu usiku umeme umekatika, ukajua kuna mtu anakuja kwa upepo mdogo uliokugusa shavuni, basi fikiria hisi hiyo ikiwa kali mara nyingi na imeenea ubavu mzima. Jirani akipiga mkia, tafi anaujua mpigo huo kwa mwili kabla ya kuuwaza.

Faida yake naona inaeleweka vizuri zaidi kwa kuku. Mpe mtoto amkamate kuku mmoja aliye peke yake uani, atamkamata. Mpe kuku kumi wanaokimbia pamoja: anamwelekea mweupe, mwekundu anakatiza, anageukia mwekundu, na mwisho anabaki na vumbi. Mzia anakutwa na jambo hilohilo. Ili ashambulie lazima achague mmoja, na kundi linamnyima nafasi ya kuchagua. Pia macho ni mengi: akishtuka mmoja wameshtuka wote, kwa hiyo kila mmoja anaweza kula muda mrefu zaidi kichwa kikiwa chini. Ndugu wengine wa tafi hawaishi kwa makundi makubwa bali kwa jozi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Mwamba Mkuu wa Australia ulieleza jinsi wanavyopokezana: mmoja anazamisha kichwa kwenye mianya ya mwamba kula, mwenzake anainuka na kulinda, kisha wanabadilishana. Nilipolisoma hilo nilimheshimu tafi kwa namna mpya.

Na anakula nini? Watu wengi, hata wanaopeleka wageni mwambani, husema anakula matumbawe. Wanamchanganya na pono, ambaye mdomo wake kama wa kasuku hukwangua mwamba, na huyo naye mara nyingi huwa anatafuta viumbe vidogo mno vya kijani vilivyoshika juu ya mwamba. Tafi anakula mwani na nyasi bahari. Mpasue utaona utumbo mrefu umejaa kijani, na ndiyo sababu anatakiwa kutolewa matumbo mapema, la sivyo nyama inachukua uchungu.

Ulaji huo ni kazi kubwa kwa mwamba. Tumbawe linahitaji jua na mahali safi pa kushika, na mwani unakua haraka kuliko tumbawe. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kali la El Niño, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa, na palipobaki mwamba mtupu mwani ulikuwa tayari kuuvaa. Samaki wala mwani ndio wanaopalilia pale. Anayetaka kujua nguvu ya mdomo mdogo huo atazame Mediterania. Tangu Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, aina mbili za jamaa ya tafi zimepita kutoka Bahari ya Shamu na kuenea upande wa mashariki wa bahari ile, na zimekula mwani mpaka sehemu nyingine za mwamba zimebaki tupu kama sakafu. Kule ni tatizo, maana wamefika mahali ambapo mwani ndio msitu wa wenyeji. Kwetu mdomo uleule ndio jembe la mkulima.

Sasa twende kwa yule kijana na mashua yake iliyojaa.

Kwa siku nyingi za mwezi tafi wametawanyika, kundi hapa, kundi pale, kwenye nyasi na miamba ya karibu. Lakini wanapotaka kutaga huacha malisho yao na kusafiri hadi mahali maalumu, aghalabu palepale kila msimu, na hukutana huko siku za mwezi mpevu. Kwetu hili huonekana zaidi miezi ya kaskazi. Nifananishe na Maulidi ya Lamu. Siku zile mbele ya Msikiti wa Riyadha huwezi kupitisha hata punda. Watu wametoka Faza na Siyu, Mombasa, Tanzania, Komoro. Mgeni aliyeshuka gatini siku hiyo, akihesabu watu wanaopita dakika moja, ataapa kwamba Lamu ni mji mkubwa kuliko Mombasa. Lakini waliojaa pale ni wa miji mingi, na nyumba zao huko zimefungwa.

Mvuvi anayetupa wavu juu ya mkutano wa tafi anafanya hesabu ya mgeni yule. Anaona samaki tele, na kweli wako tele, mahali pale, usiku ule. Lakini amekutana na tafi wa eneo zima kwa mpigo mmoja, na kila mmoja ana mayai tumboni ambayo hayajatoka. Mwaka ujao waliosalia watakutana tena mahali palepale, wamejikusanya vilevile, na mashua itajaa tena au karibu kujaa, ingawa idadi yote baharini imeshuka. Miaka inaweza kupita hivyo, mashua inajaa na bahari inapungua, mpaka msimu mmoja wavu unarudi mwepesi ghafla na kila mtu anauliza tafi wamehamia wapi. Kijana hakusema uongo, na wanaosema tafi wanapungua pia wanaweza kuwa wakweli. Yeye anatazama mkutano, wao wanatazama bahari yote.

Na hapa ndipo ulinzi wa tafi unapogeuka. Kujikusanya kulimwokoa kwa mzia kwa sababu mzia lazima achague mmoja. Wavu hauchagui. Kadiri wanavyosogeleana kwa hofu, ndivyo wanavyojaa kwenye mfuko wake.

Wavuvi wa Praslin, Shelisheli, wanazijua sehemu za mikutano ya kordonnyen na wamezitega malema, mitego ya kusukwa, vizazi kwa vizazi, na ni haohao waliokaa kuzungumza namna ya kuziacha zipumzike. Hapa kwetu pia wazee wanazijua sehemu hizo, na kwa heshima sitazitaja.

Kuna mkanganyiko mwingine nisioweza kuuruka, wa sheria. Watu husikia "hifadhi" na kudhani kila bahari iliyopewa jina imefungwa. Malindi ina hifadhi ya taifa ya bahari tangu mwaka 1968, na ndani ya mipaka yake hakuna uvuvi kabisa. Kiunga, kaskazini yetu hapa Kaunti ya Lamu, iliwekwa mwaka 1979 kama akiba ya taifa, na kwenye akiba uvuvi wa vyombo vya asili unaruhusiwa. Aina ya tatu ni tengefu, sehemu ambayo wavuvi wenyewe wamekubaliana kutoivua, kama wenzetu wa Kuruwitu, Kilifi. Kufunga sehemu si kumtajirisha samaki wa ndani peke yake: watafiti waliowatia alama samaki katika hifadhi za Malindi na Watamu waliwakuta baadhi, tafi wakiwemo, wamevuka mpaka na kuingia kwenye mitego ya wavuvi wa nje. Mimi naunga mkono kufunga sehemu za mikutano kwa siku zile chache za mwezi mpevu tu, na nasema hivi nikijua kwamba mwenye watoto hali mpango, anakula samaki. Siku chache mvuvi anaweza kuzivumilia kuliko kufungiwa mwaka mzima.

Vyombo navyo havilingani. Juya linakokota kila kitu pamoja na nyasi ambamo watoto wa tafi wanakulia, na Kenya imelipiga marufuku. Lema lililosukwa kwa fito linamngoja samaki aingie mwenyewe, na wapo wavuvi wa pwani waliojaribu kuliwekea tundu nyembamba ubavuni ili wadogo watoke na wakubwa wabaki. Wengine waliogopa kupoteza riziki, na hofu hiyo naielewa, ila wanaopita katika tundu zile ni tafi wasiofika hata kiganja na samaki wa mapambo ambao sokoni hawana bei.

Mayai ya tafi hunata chini, kwenye mchanga, mwani na vipande vya mwamba. Vitoto vikianguliwa vinachukuliwa na mkondo, vinaelea mbali na pwani kwa wiki tatu au nne, vidogo, karibu havionekani. Halafu vinarudi. Ukiingia kwenye nyasi bahari maji yakiwa magotini, mwezi mmoja hivi baada ya mwezi mpevu wa kaskazi, simama bila kutikisika mpaka mchanga utulie miguuni. Watakuja wenyewe, wembamba, wanapitisha mwanga, hawafiki urefu wa kidole cha mwisho, mia moja au zaidi. Sogeza unyayo kidogo tu uone: wote wameshageukia upande mmoja.